Mapenzi Katika Njia ya Misafara: Ushuhuda wa Mpangaji wa Maonyesho

Kazi yangu ni uchoraji, na kwa miaka kadhaa sasa nimekuwa pia nikipanga maonyesho ya sanaa hapa Tabora. Watu wakisikia kwamba maonyesho yetu ya mwisho yalihusu mapenzi, wengi hudhani tulitundika mioyo myekundu, maua ya waridi na vijana waliokumbatiana ufukweni jua likizama. Havikuwamo. Tulitundika kanga zilizochujuka, barua za manamba, yaani vibarua wa mashamba ya mkonge, picha za studio, shanga za zamani, na michoro mipya ya vijana wa mjini. Naeleza hapa tulivyofanya na kwa nini, kwa sababu naamini mji huu una urithi mkubwa wa upendo ambao haujaoneshwa inavyostahili, na wa kuuonesha ni sisi tunaoishi hapa.

Anayeifuata leo njia ya kati ya misafara, kutoka Bagamoyo kupitia Mamboya, Mpwapwa na Kilimatinde hadi Kwihara na kisha Ujiji, husimuliwa habari za pembe za ndovu na za watumwa. Mwaka 2006 Tanzania iliiingiza njia hiyo katika orodha ya maeneo inayokusudia kuyapendekeza yawe urithi wa dunia, na jina lililoandikishwa linataja mambo hayo mawili. Ni haki yatajwe. Dhuluma iliyopita hapa haifai kupambwa wala kufichwa. Lakini mtu akifika Ujiji, furaha ya watu kukutana anayooneshwa kwa sanamu ni ya Livingstone na Stanley, wageni wawili waliokutana hapo Novemba 1871. Mamia ya watu waliowabebea mizigo, wakawapikia na kuwavusha mito, nao walikuwa na wapenzi wao. Walimpenda nani? Nani aliwangoja nyumbani? Waliporudi walileta nini mkononi? Maonyesho yetu yalianza na maswali hayo.

Kwihara iko kilomita chache kutoka mjini Tabora. Hapo ndipo lilipo tembe la Livingstone, ambalo leo ni makumbusho. Yeye na Stanley walifika Februari 1872. Stanley akaondoka Machi kwenda pwani, na Livingstone akabaki mpaka Agosti akisubiri wapagazi aliokuwa akipelekewa. Kila kiongozi wa watalii anaijua habari hiyo. Habari ambayo haisemwi sana ni ya wanawake waliokuwa katika nyumba ile. Shajara za mwisho za Livingstone, zilizochapishwa mwaka 1874, zinawataja kwa majina. Mmoja ni Halima, mpishi, mke wa Amoda. Agosti 1872, siku chache kabla ya safari, Halima aligombana na mwenzake akaondoka, kisha akarudi kwa hiari yake. Livingstone akaandika kumsifu: ni mwangalifu, ana akili, haibi wala hamruhusu mumewe aibe. Akaahidi kwamba wakifika Zanzibar atampa uhuru na kumnunulia nyumba na shamba. Ahadi hiyo hakuitimiza, kwa kuwa tarehe 1 Mei 1873 alifariki huko Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia.

Mwenzake Halima aliitwa Ntaoeka. Livingstone aliona si vizuri mwanamke mwenye sura nzuri awe safarini bila mume, akampendekezea aolewe na mmoja wa vijana wake watatu. Ntaoeka alitabasamu tu. Baadaye wanawake wengine walitaka aolewe. Akaulizwa tena, akakubali, akawa mke wa Chuma. Tangu hapo, anaandika Livingstone, alikuwa wa kwanza kuamka katika baridi ya asubuhi, akiwasha moto, akiteka maji, akitwanga na kupika.

Bwana wao alipokufa, watumishi wake Susi na Chuma pamoja na wenzao waliuzika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili na kuubeba kuelekea pwani, safari ya zaidi ya kilomita 1,600. Halima na Ntaoeka walikuwamo. Walipofika hapa Unyanyembe, Oktoba 1873, walikutana na msafara wa Cameron, Mwingereza aliyetumwa kumsaidia Livingstone, naye akashauri mwili uzikwe hapa hapa. Walikataa. Februari 1874 walifika Bagamoyo, na Aprili Livingstone akazikwa Westminster Abbey, London. Susi na Chuma walipelekwa Uingereza baadaye mwaka huo na wakapigwa picha. Halima na Ntaoeka hawakupelekwa.

Nilipowasomea habari hizi vijana tuliokuwa tukiandaa nao maonyesho, mmoja wao, msichana wa Kanyenye, alisema yeye atamchora Halima. Tukakaa kitako kujadiliana: utachoraje uso usiokuwa na kumbukumbu? Tungeweza kubuni sura nzuri na watu wakaridhika. Tuliamua kwamba mtu ambaye historia haikumpa uso tusimvike wa kubuni, maana watoto wa shule wangeondoka wakidhani ndiye. Msichana yule akachora mikono mikubwa, ukutani kote, ikifunika chungu kwa jani, na nyuma ya mikono mlango wa tembe ulio wazi. Chini yake tuliandika ile ahadi ya nyumba na shamba, na mwaka aliokufa aliyeiahidi. Hatukuongeza neno. Wageni wengi zaidi walisimama hapo kuliko mahali pengine popote ukumbini.

Habari ya Ntaoeka ilizua mjadala mkali kuliko zote. Tuliuliza ukutani swali moja: je, haya yalikuwa mapenzi? Mwalimu mmoja mstaafu alisema mwanamke aliyetabasamu na kukaa kimya amekataa, na aliyekubali baada ya kusukumwa na watu wote amelemewa. Mama mmoja akamjibu, "Mwalimu, shikamoo, lakini sisi wengi tuliozwa hivyo hivyo, na mapenzi yakaja kwa kuishi pamoja." Wote wawili walisema kweli waliyoijua. Msimamo wangu ni huu: katika njia ambako watu waliuzwa, maonyesho ya mapenzi hayana budi kuuliza nani alikuwa huru kuchagua. Kulikuwa na wanawake waliotengwa na waume zao kwa nguvu, na masuria ambao hawakuulizwa lolote. Kuwapamba ni kuwaonea mara ya pili. Hata hivyo, kusema kwamba aliyekuwa utumwani hakupenda wala hakupendwa ni kumnyang'anya hata kile ambacho wafanyabiashara hawakuweza kukiuza.

Kisha kuna wapagazi wenyewe. Wanyamwezi waliojulikana toka pwani hadi Kongo kwa kubeba mizigo walikuwa, kwa sehemu kubwa, wafanyakazi wa ujira. Mwanahistoria Stephen Rockel amelieleza hilo kwa kirefu katika kitabu chake cha mwaka 2006 kuhusu wapagazi wa karne ya 19, na ameonesha pia kwamba wengi walisafiri na wake zao, na hata watoto. Mzigo wa kawaida ulikuwa kama frasila mbili, yaani takribani kilo 32. Kutoka Bagamoyo hadi Tabora ni zaidi ya kilomita 800, na msafara mkubwa ulichukua kama miezi mitatu. Mke aliyekuwa njiani alibeba vyungu, chakula na mtoto mgongoni, na kambini ndiye aliyeanza kazi wakati wengine wameketi. Aliyebaki nyumbani alilima matuta, akalea, akangoja. Wanaume wengi walipanga safari zao warudi mvua zinapoanza, ili walime. Kurudi kwa wakati ni neno la mapenzi katika nchi ya wakulima, na nilitaka anayeingia ukumbini alielewe hivyo. Kijana mmoja alichora shamba la matuta mapya, na mwishoni mwa tuta majembe mawili yamelala ubavu kwa ubavu, moja lina udongo, moja halijatumika.

Waliporudi walileta nguo na shanga. Msafiri Mwingereza Richard Burton, aliyefika hapa Novemba 1857, wakati mji ukiitwa Kazeh, aliandika kuhusu shanga nyekundu za samesame zilizopendwa kuliko zote. Anasema watu walizipa jina la shanga za kumaliza chakula, kwa kuwa mtu alikuwa radhi kutoa mlo wake azipate, na jina jingine la shanga za kuvunja miji, kwa jinsi wanawake walivyozipenda. Vitabu vya uchumi huziandika shanga hizo kama fedha za njiani. Sisi tuliziweka mezani, juu ya kitambaa cheupe, chini ya taa, mahali ambapo mtu anaweza kuinama na kuziona vizuri, kwa sababu safari yao haikuishia sokoni. Ziliishia shingoni na kiunoni mwa mtu aliyependwa.

Labda msomaji atauliza vitu hivi tulivitoa wapi. Vingi vya thamani vya Unyamwezi haviko hapa. Kiti cha enzi cha mbao kutoka Buruku, Unyanyembe, chenye umbo la mtu mgongoni mwake, kiko Berlin tangu enzi ya Wajerumani. Kwa hiyo mpangaji wa maonyesho wa Tabora hana ghala la kufungua, anabisha hodi. Tulizunguka Isevya, Gongoni, Cheyo na Ng'ambo, tukawasalimu wazee, tukakaa nao, tukaeleza. Hatukuomba kitu siku ya kwanza. Kitu cha mapenzi hakiazimwi kwa mtu mgeni, na mzee ana haki ya kukupima kwanza.

Bibi mmoja wa Isevya alitutolea kanga kutoka sandukuni, doti nzima, haijakatwa. Marehemu mumewe alimletea kutoka Tanga, alikokwenda kukata mkonge kama Wanyamwezi wengi wa wakati wake. Akaniambia, "Mwanangu, itundike, lakini jina lake litazame mlangoni. Aliyeninunulia hakujua kusoma. Aliwaomba watu wa dukani wamsomee kanga moja baada ya nyingine mpaka akasikia aliyoitaka." Nimesoma maandishi mengi ya wataalamu kuhusu kanga, na bado sijaona palipoelezwa mapenzi kwa uwazi kama hapo: mtu asiyejua herufi, amesimama dukani ugenini na ujira wake mkononi, anasikiliza majina mpaka apate lile linalosema lililomo moyoni mwake. Tuliitundika ikitazama mlangoni.

Barua zilikuwa ngumu zaidi. Manamba wengi waliandikiwa na wenzao waliojua kuandika, kwa hiyo barua ya mapenzi ilipita mkononi na masikioni mwa mtu wa tatu. Ukizisoma, nusu ya kwanza ni salamu kwa ukoo mzima; kisha zinafuata fedha, jembe, ng'ombe, mtoto anayeumwa; mwishoni kabisa, kwa haya, sentensi moja kwa mke. Tulikubaliana na kila familia nini kisomwe na nini kifunikwe, na majina yote tukayafunika. Wajukuu waliokuja kuona walishangaa kwamba mapenzi ya babu yalikuwa sentensi moja. Niliwaomba waisome barua yote upya, wahesabu babu aliulizia mambo mangapi ya nyumbani, halafu waniambie kama mapenzi ni ile sentensi tu.

Picha za studio zilifunika ukuta mzima. Mume na mke wamesimama wima, mikono imenyooka, hawagusani, wanatazama kamera. Vijana walicheka, kisha wakanyamaza walipoanza kuona: mke ameshika saa ya mumewe, mume ameegemea kidogo upande mmoja tu, redio mpya imewekwa katikati yao. Mpiga picha wa zamani alijua kazi yake. Aliwapa watu heshima waliyoitaka, na mapenzi akayaacha yaonekane kwa anayetazama kwa makini.

Reli ilibadilisha kungoja. Ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na njia ya Mwanza ikakamilika mwaka 1928. Misafara ikafa, na mji ukawa njia panda ya treni. Aliyengoja hakutazama tena vumbi la barabarani, alikwenda stesheni. Baada yake ukaja muziki. Tabora ilikuwa na Kiko Kids, Tabora Jazz na Nyanyembe Jazz, na kila mtaa ulikuwa na bendi yake moyoni. Wimbo wa "Dada Asha" wa Tabora Jazz, uliotungwa na Shem Karenga aliyetoka Kigoma, bado unapigwa harusini, na watu wazima huinuka wakiusikia. Tuliweka spika moja tu kwenye kona ya picha za studio, sauti ya chini, jioni pekee, ili muziki usiwafukuze waliotaka kusoma.

Sehemu ya mwisho ilikuwa ya utani, na wapo waliohoji utani unahusiana vipi na mapenzi. Utani wa Wanyamwezi na watu wa pwani, hasa Wazaramo, ulikomaa katika safari hizi. Mpagazi aliyefia mbali na kwao alihitaji mtu wa kumzika, na mtani alifanya hivyo bila kuitwa mara mbili. Mpaka leo ukifiwa Dar es Salaam, mtani atakuja kukutania msibani, atadai fedha, atakufanya ucheke ukiwa na machozi, na atashika jembe. Huo ni upendo kati ya makabila mazima, na umedumu kuliko dola ya sultani na ile ya Mjerumani. Maonyesho ya mapenzi yanayoishia kwa mume na mke yamekata habari katikati.

Niseme kidogo kuhusu kazi ya mikono, kwa faida ya anayetaka kujaribu. Kanga ya zamani haipigwi msumari. Shona mfereji wa kitambaa kingine kwenye ukingo wa juu, kwa uzi laini usiokaza, upitishe ufito, kisha uning'inize ufito. Usiitundike panapopigwa na jua, maana rangi inachujuka na hairudi. Jina liwe usawa wa macho, kwa kuwa mtazamaji hutafuta jina kabla ya mji wa katikati na pindo. Tabora ina mchwa, kwa hiyo usiegemeze fremu ya mbao ukutani chini wala usiache barua katika boksi sakafuni. Picha ishikwe pembeni, kwa mikono mikavu. Maelezo yaandikwe kwa Kiswahili, herufi kubwa, sentensi fupi, na awepo mtu wa kuwasomea wasioona vizuri. Na mwenye kitu aalikwe kabla ya mgeni rasmi. Sisi tulifungua mlango kwanza kwa bibi na babu walioazima vitu vyao, wakatembea peke yao ukumbini. Hakukuwa na hotuba.

Mapenzi ya wakubwa hujipatia nyumba. Zanzibar, Binti Salme, bintiye Sayyid Said, aliyeondoka visiwani mwaka 1866 kwa ajili ya mfanyabiashara Mjerumani Heinrich Ruete, amepewa chumba chake katika jumba la makumbusho na makumbusho ya jina lake Mji Mkongwe. Aliandika kumbukumbu zake mwenyewe, zikachapishwa mwaka 1886, na anastahili kukumbukwa. Lakini utajiri wa Zanzibar ya baba yake ulipita mabegani mwa watu wa huku, na mapenzi ya watu hao hayakupata mwandishi wala jumba. Yako masandukuni, katika vumbi la dari, na katika vichwa vya wazee ambao hatutakuwa nao siku zote.

Kwa hiyo nina maombi. Kwa wanaotunza makumbusho ya Kwihara na Ujiji: tengeni ukuta mmoja kwa Halima, Ntaoeka, Amoda, Chuma, Susi na wapagazi, waandikwe kwa majina, kwa Kiswahili, mahali ambapo mtoto wa shule atawaona kabla ya kumwona mzungu waliyemhudumia. Kwa walimu wa sanaa: wapelekeni wanafunzi kwa bibi na babu zao wakachore kitu kimoja kilichotolewa kwa mapenzi, na waandike kilitoka wapi. Na kwako unayesoma: chukua picha ya zamani iliyo nyumbani kwako, umuulize mzee ni nani hao, walikutana wapi, mwaka gani, kisha uandike majibu nyuma yake kwa penseli. Ifanye kazi hiyo wiki hii, mzee angali anaweza kukujibu.